Mali bila daftari: Mwalimu na hesabu ya kustaafu

Mwalimu wa Kenya huijua siku yake ya kustaafu tangu siku anapotia sahihi barua ya kuajiriwa. Imo katika faili yake: ni siku atakapotimiza umri wa miaka 60, au 65 ikiwa ana ulemavu. Hajui lini atapewa uhamisho, hajui lini atapandishwa cheo, hajui hata mshahara wake utakuwa kiasi gani miaka kumi ijayo. Lakini siku ya kuondoka anaijua. Kwa hivyo ni jambo la kustaajabisha kwamba siku hiyo ndiyo humjia kama mgeni wa usiku wa manane, ikamkuta hana mkeka wala maji ya kunawa.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tunapoisikia methali hiyo humfikiria mwenye duka. Ukweli ni kwamba hakuna anayehitaji daftari kuliko mtu anayelipwa mshahara, kwa sababu mshahara una mwisho na maisha huendelea baada yake. Nami nadai kwamba daftari la kustaafu lafaa lifunguliwe mwalimu akiwa bado kijana, na kwamba lisomwe pamoja na mtu aliyefunzwa kazi ya kulisoma, yaani mshauri wa mipango ya fedha mwenye leseni. Anayemwendea mshauri baada ya kupokea kiinua mgongo ni kama anayemwita fundi wa paa mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Kazi zenye mwisho

Watu wa Kwale na pwani ya kusini wana sababu zao za kulitafakari jambo hili. Katika eneo hili kazi za mshahara zimewahi kuisha ghafla, tena zaidi ya mara moja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokuwa tegemeo la familia nyingi kuanzia Msambweni hadi Lunga Lunga, kilifungwa mwaka 1988. Hoteli za Diani zilipata pigo baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, zikapata pigo jingine baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mwaka 2020 maradhi ya korona yakafunga karibu kila mlango kutoka Tiwi hadi Galu. Hata mwaka usio na balaa, miezi ya mvua kubwa kuanzia Aprili ni miezi ya hoteli kupunguza watu, na mhudumu hurudi nyumbani kungoja wageni.

Kisha ukaja mgodi wa Base Titanium kule Maumba na Nguluku. Ulianza kuchimba mwishoni mwa mwaka 2013, shehena yake ya kwanza ikasafirishwa Februari 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma kwa sababu madini yaliyokuwa yakichimbwa yalikwisha. Mgodi huo una somo la peke yake. Kufungwa kwake hakukuwa ajali: tangu mwanzo ilijulikana kwamba mchanga ule una kiasi chake, na kwamba siku moja mashine zitanyamaza. Kila aliyeajiriwa pale alikuwa na kazi yenye tarehe ya mwisho.

Mwalimu huwatazama wafanyakazi wa hoteli na wa mgodi akawahurumia, akidhani yeye yuko pahali palipo salama. Kazi yake nayo ina tarehe. Tofauti ni kwamba yake iko mbali kidogo, na umbali huo ndio unaomlaza usingizi.

Hesabu ya ubaoni

Hebu tufanye hesabu, kwa maana suala hili halisemeki bila tarakimu. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyefundisha miaka 30, yaani miezi 360, ambaye mshahara wake wa msingi wa mwisho ni shilingi 60,000 kwa mwezi, au shilingi 720,000 kwa mwaka. Tuseme yuko chini ya utaratibu wa zamani wa Sheria ya Pensheni. Kanuni yake ni nyepesi, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuitatua. Zidisha miezi ya kazi kwa mshahara wa mwaka, kisha gawa kwa 480. Jibu ni shilingi 540,000 kwa mwaka.

Mwalimu huruhusiwa kubadilisha robo ya fedha hizo kuwa malipo ya mkupuo mmoja. Robo hiyo, shilingi 135,000, huzidishwa mara 20, nayo huwa shilingi 2,700,000. Hicho ndicho wengi hukiita kiinua mgongo. Robo tatu zilizosalia, shilingi 405,000, hugawanywa kwa miezi 12, na mwalimu akapata pensheni ya shilingi 33,750 kila mwezi.

Wengi husimama kwenye zile milioni mbili na laki saba, macho yakawameremeta. Mshauri huanzia pengine. Huuliza kuhusu ile shilingi 33,750. Je, mwalimu huyu sasa hutumia kiasi gani kwa mwezi? Mshahara wa msingi ulikuwa 60,000, lakini juu yake palikuwa na marupurupu ya nyumba na ya safari, ambayo hayamo katika hesabu ya pensheni. Bima ya matibabu aliyopata kwa kuwa mwajiriwa nayo huisha. Atakayeugua akiwa Msambweni, akaambiwa avuke feri ya Likoni kwenda kufanyiwa vipimo Mombasa, atalipa nini na kwa fedha gani?

Pana pia adui asiyeonekana, naye ni mfumko wa bei. Iwapo bei za vitu zitapanda kwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 shilingi ya leo itanunua takriban nusu ya inachonunua sasa. Mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60 atakuwa na miaka 72 wakati huo, umri ambao watu wengi bado wanatembea kwenda sokoni kwa miguu yao. Pensheni yake hata ikiongezwa kidogo kidogo, yaelekea itaachwa nyuma na bei ya unga na samaki.

Ndani ya chumba kimoja cha walimu siku hizi mna watu wa aina mbili. Tangu tarehe 1 Januari 2021 serikali ilianzisha mpango mpya wa malipo ya uzeeni kwa watumishi wa umma, wakiwamo walimu walioajiriwa na Tume ya TSC. Waliokuwa na umri wa miaka 45 au chini yake waliingizwa humo, na waliouzidi umri huo waliachiwa wachague. Katika mpango huu mwalimu alianza kukatwa asilimia 2 ya mshahara, kisha 5, na kuanzia mwaka wa tatu asilimia 7.5, nayo serikali huchangia asilimia 15. Kwa mshahara wa shilingi 60,000, jumla ya mchango ni shilingi 13,500 kila mwezi. Siku ya kustaafu, mwanachama anaweza kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo. Theluthi mbili zinazosalia lazima zigeuzwe kuwa mapato ya mara kwa mara.

Hapa ndipo ushauri wa kitaalamu unapohitajika kuliko pahali pengine popote. Mwalimu huwekewa njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuipa kampuni ya bima fedha zake zote, nayo imlipe kila mwezi hadi kufa. Ya pili ni kuziacha fedha hizo katika mfuko unaowekezwa, awe anateka kidogo kidogo. Njia ya kwanza haimwishii mtu hata akiishi miaka mia, lakini akishaitia sahihi hawezi kuitengua, na kiwango atakacholipwa hutegemea umri wake, hali ya soko siku hiyo, na kama mke au mume ataendelea kulipwa baada yake. Njia ya pili humwachia mtu mali yake, na ikibaki huenda kwa warithi, lakini anayeteka kwa pupa atafika kwenye tope kisima kikiwa kikavu. Hakuna iliyo bora kwa watu wote. Mjane asiye na watoto wadogo na baba mwenye watoto shuleni hawawezi kupewa jibu moja, na karani wa dirishani hana wakati wala wajibu wa kuwapa majibu mawili.

Kazi ya mshauri

Basi mshauri huyu hufanya nini hasa? Wapo wanaodhani kazi yake ni kumwonyesha mtu mahali fedha zinapozaana haraka. Anayeahidi hivyo mkimbie. Kazi ya kweli ni ya subira na haina mbwembwe.

Jambo la kwanza, huandika kila kitu: mshahara, mashamba, minazi na mikorosho, hisa katika chama cha akiba na mikopo, na madeni yote, hata lile la dukani. Walimu wengi hawajawahi kuyaona mambo yao yote kwenye karatasi moja.

La pili, hupima pengo. Ikiwa familia itahitaji shilingi 50,000 kwa mwezi na pensheni italeta 33,750, pengo ni shilingi 16,250. Tangu hapo neno “kustaafu” huacha kuwa hofu, likawa tarakimu ambayo mtu anaweza kuishughulikia.

La tatu, hupanga namna ya kuliziba pengo, na hapa umri ndio mtaji. Kijana wa miaka 25 akiweka shilingi 2,000 kila mwezi hadi afike miaka 60, fedha hizo zikiongezeka kwa asilimia 10 kwa mwaka, atakuwa na takriban shilingi milioni 7.6. Mwenzake anayeanza akiwa na miaka 45, kwa kiasi kile kile na ongezeko lile lile, atakuwa na takriban shilingi 829,000. Wa kwanza ametoa shilingi 840,000 kutoka mfukoni, wa pili 360,000. Lakini mavuno ya kwanza yamezidi ya pili zaidi ya mara tisa. Mshauri mwaminifu hataishia hapo. Atamwambia yule kijana kwamba bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, milioni zake 7.6 zitakuwa na nguvu ya kununua inayolingana na chini kidogo ya milioni moja ya leo, na kwa hivyo shilingi 2,000 haitoshi: lazima iongezwe kila mshahara unapoongezwa. Muuzaji hukomea kwenye milioni saba. Mshauri huendelea hadi kwenye ile milioni moja.

La nne, huijua sheria ya kodi. Marekebisho ya sheria yaliyotiwa sahihi Desemba 2024 yalipandisha kiwango cha michango ya uzeeni isiyotozwa kodi kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, na yakaondoa kodi kwenye malipo ya uzeeni kwa aliyefikia umri wa kustaafu. Maana yake ni nini kwa mwalimu wa shilingi 60,000? Akiongeza mchango wa hiari wa shilingi 5,000 katika mpango uliosajiliwa, mshahara anaopokea hupungua kwa shilingi 3,500 tu, kwa sababu zile 1,500 zingalikwenda kwa mtoza kodi. Ni walimu wangapi wanaojua?

La tano, huzitazama tarehe za mikopo. Sheria ya ajira inakataza makato yasizidi theluthi mbili za mshahara, lakini haimkatazi mtu wa miaka 57 kuchukua mkopo wa miaka sita. Mkopo kama huo huishi kuliko mshahara unaoulipa. Siku ya kustaafu chama hukata deni lake kwanza, au huwageukia wadhamini, ambao ni walimu wenzake wa shule ile ile.

Siku ya fedha

Sasa turudi kwenye kiinua mgongo. Mzee wa Kidigo anapopanda mnazi mrefu anajua atangoja miaka sita au saba kabla ya kuangua nazi ya kwanza, na kwamba mti huo utawalisha hata wajukuu. Anajua pia kwamba mgema akilikata kole changa apate tembo, kole hilo halitazaa nazi. Tembo ni tamu, na la asubuhi hulewesha kabla ya jioni. Kiinua mgongo ni mnazi wa aina hiyo. Mwenye nao huamua kama atakula nazi au atagema.

Habari za malipo hazifichiki kijijini. Wiki ile ile watakuja wenye shida za kweli na wenye shida za kubuni: mpwa anayetaka ada, jirani mwenye harambee, kijana mwenye matatu ya kuuza ambayo injini yake “ni mpya”. Watakuja pia wenye viwanja. Pwani ya kusini ina historia ndefu ya migogoro ya ardhi, na karatasi ya makubaliano iliyotiwa sahihi chini ya mwembe si hatimiliki. Mshauri hatakukataza kununua kiwanja Ukunda. Atakupeleka kwanza katika afisi ya usajili wa ardhi ya Kwale ukapekue jina la mwenye shamba, kisha kwa mpimaji na wakili.

Watakuja, hatimaye, wenye ahadi za kuzidisha fedha. Wakenya hawajasahau michezo ya piramidi ya miaka ya 2006 na 2007. Jopo lililoundwa na serikali kuichunguza liliripoti mwaka 2009 kwamba wananchi walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Wala tusidhani kuwa jina kubwa ni kinga. Mapema mwaka 2025 ilitangazwa kwamba ukaguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini, ulifichua upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13. Vyama hivi vimewasomeshea walimu watoto na kuwajengea nyumba, nami sisemi vikimbiwe. Nasema tu kwamba asiyeweka mayai yote katika tenga moja hulala vizuri zaidi.

Mshauri mwema hutoa dawa rahisi kwa siku hiyo: fedha zikiingia, ziwekwe kwa miezi sita mahali salama penye faida ndogo, zisiguswe. Katika miezi hiyo mwenye shida ya kweli atakuwa amesaidiwa kwa kiasi, mwenye shida ya kubuni atakuwa amechoka kungoja, na mwalimu mwenyewe atakuwa ameonja maisha ya pensheni na kujua anahitaji nini.

Aidha, malipo yenyewe yaweza kuchelewa. Walimu waliostaafu baada ya makubaliano ya mishahara ya mwaka 1997, yaliyofuatia mgomo mkubwa, walikokotolewa pensheni kwa mishahara isiyokuwa na nyongeza kamili waliyoahidiwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru ikaamua kwamba walipwe. Haki ilitamkwa, lakini miaka mingi baadaye wengi walikuwa wakingali kudai, na wengine walikufa wakingoja. Kutokana na hayo mstaafu mtarajiwa ajifunze kuwa na akiba ya kumweka angalau mwaka mzima bila pensheni, na kuhakikisha miaka miwili kabla kwamba faili yake ina barua zote, tangu ile ya kuajiriwa.

Wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba pensheni ya Mwafrika ni watoto wake. Si kauli ya kudharauliwa. Mzazi aliyesomesha ana haki ya kutunzwa, na dini zetu zinaamrisha hivyo. Lakini huyo mtoto naye ana mshahara wenye makato, kodi ya nyumba Nairobi au Mombasa, na watoto wake mwenyewe. Mzazi aliyejiandaa humpunguzia mwanawe mzigo, na mapenzi yaliyo kati yao hayageuki kuwa ankara ya kila mwisho wa mwezi.

Wapo watakaouliza kuhusu riba. Kwale ina Waislamu wengi, na baadhi yao huiogopa mipango ya uzeeni kwa kuwa fedha zake huwekezwa katika dhamana zenye riba. Swali lao ni halali na halifai kukejeliwa. Hata hivyo, hali imebadilika. Mwaka 2008 zilifunguliwa nchini benki mbili zinazofuata sharia, Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa huitwa Premier Bank. Kampuni ya bima ya takaful ilifuata mwaka 2011, na mwaka 2023 sukuk ya kujengea nyumba iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Ipo pia mifuko ya uzeeni iliyoundwa kwa misingi hiyo. Mshauri asiyezijua njia hizi hana la kumwambia mwalimu wa Msambweni. Vilevile sharti aelewe mirathi: jina la mtu mmoja lililoandikwa katika fomu miaka ishirini iliyopita, kabla ya ndoa na watoto, ni mbegu ya ugomvi ambao utamalizikia kwa Kadhi. Fomu hizo zipitiwe upya kila familia inapobadilika.

Wapo, tena wengi, watakaosema washauri ni wa matajiri, na kwamba nusu yao ni wauzaji wa bima waliovaa tai. Hili nalo lina ukweli. Wengi wana afisi Mombasa na Nairobi, na wapo wanaolipwa kamisheni kwa kila karatasi wanayokufanya utie sahihi. Kwa sababu hiyo muulize mshauri maswali matatu kabla hajakuuliza hata moja. Nani anakulipa, mimi au kampuni unayoisifu? Leseni yako imetolewa na nani? Nikitaka kutoka katika mpango huu baada ya miaka mitatu, nitapoteza kiasi gani? Mipango ya malipo ya uzeeni husimamiwa na Mamlaka ya RBA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Washauri wa uwekezaji huwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Na bima ina mamlaka yake. Jina lisilopatikana katika orodha ya mamlaka hizo lisipewe hata senti.

Wasio na mshahara

Itakuwa ni uchoyo kuwazungumzia walimu tu. Mzazi wa mwanafunzi ni mvuvi wa Gazi, ni mwendesha bodaboda wa Ukunda, ni mama auzaye viazi karai kando ya barabara ya Lunga Lunga. Hata mwenye ajira ya hoteli hakuwa na kikubwa: kwa miaka mingi hadi 2023 mchango wa kawaida wa NSSF ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri. Miaka 20 ya michango hiyo ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Sheria mpya ya hazina hiyo, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023, imeweka asilimia 6 kwa kila upande, hadi kiwango maalumu. Makato yameuma, na malalamiko tumeyasikia. Lakini shilingi 96,000 baada ya miaka 20 ya kubeba mizigo ya wageni nayo ingaliuma.

Kwa wasioajiriwa, mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa Mbao, ambao jina lake linatokana na shilingi 20 za kuweka kila siku. Mwaka 2019 NSSF ikaleta Haba Haba, kwa shilingi 25 kwa siku. Bei ya vikombe viwili vya chai ya kibandani haiwezi kumtajirisha mtu, lakini humzoeza kuweka. Na asisahau afya: katika bima ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asiye na mshahara huchangia kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Maradhi ya uzeeni yamemaliza akiba nyingi kuliko anasa.

Lifanywe nini?

Naona mambo matatu yanayowezekana bila kungoja muujiza. Kwanza, Tume ya TSC na vyama vya KNUT na KUPPET viandae semina za kustaafu mara tatu katika maisha ya mwalimu: mwaka wa kwanza wa kazi, afikapo miaka 45, na miaka mitano kabla ya kuondoka. Semina ya miezi mitatu ya mwisho ni tanzia. Kwa walimu wa Kwale ukumbi si tatizo: Matuga kuna chuo cha kufunzia watumishi wa serikali, na Agosti shule huwa zimefungwa.

Pili, walimu wa shule moja waungane kumlipa mshauri. Ada inayomlemea mmoja haiwalemei kumi na watano. Ikiwa wanaweza kuchangiana kununua vyombo na kuzikana, wanaweza pia kuchangiana kumleta mtaalamu asiyeuza chochote, akaketi nao Jumamosi moja na hati zao za mshahara mezani.

Tatu, hesabu hizi ziingie darasani. Mwanafunzi hufundishwa asilimia na riba ya mwandamano kwa mifano ya watu wasiokuwapo. Kwa nini asipewe mshahara wa mwalimu wake wa kubuni, miezi 360 na kigawanyo cha 480, akaambiwa atafute pensheni? Atakwenda nyumbani Shimoni, Vanga au Kinango amuulize babake: wewe, baba, yako ni ngapi?

Swali hilo litawaudhi wazazi wengine. Na liwaudhi. Afadhali liulizwe na mtoto wa kidato cha pili, miaka 20 ikiwa ingali mbele, kuliko kuulizwa na karani wa dirishani, siku ambayo daftari limekwisha kufungwa.